Kalikiti na Nywele za Dadangu

Wanafunzi wenzangu, najua mtanicheka, maana sheria ya shule ni nywele fupi. Lakini wiki mbili kabla ya harusi, dadangu alirudi kutoka saluni moja hapa Litein akilia, nywele zinamkatikia mkononi. Nikataka kujua sababu.

Unywele ni protini iitwayo keratini, na nyuzi zake hushikana kwa vifungo vya salfa, kama vipago vya ngazi. Dawa ya kwanza (ile inayonuka hadi barabarani) huvunja baadhi ya vifungo hivyo. Nywele zetu za kipilipili hupakwa mara mbili: kwanza zinyooke, halafu zikiwa zimezungushwa kwenye rola. Kisha haidrojeni peroksaidi huunganisha vifungo upya, na mawimbi hubaki mpaka nywele mpya ziote.

Sasa taabu ni saa. Nywele za dadangu zilikuwa ndefu, laini kama ndevu za mahindi, na nywele nyembamba hulowa dawa upesi. Msusi akatoka kidogo kununua mkate! Vifungo vikavunjika kupita kiasi.

Si yeye wa kwanza. Mjerumani Karl Nessler, aliyeonyesha ufundi huu London mwaka 1905 kwa kutumia joto, alimfanyia majaribio mkewe Katharina akamuunguza nywele. Nyanya naye alikuwa na kalikiti miaka ya 1980, ikampendeza, ila mito yote ilijaa mafuta.

Dada alinyoa, akaolewa na kilemba. Picha hajazitundika.