Mke Mwenza Wako Ana Pembe!

Tuseme mko kwenye sendoff ya rafiki yenu pale Arusha, Jumamosi usiku. Wewe umependeza, yeye katupia suti. Simu inalia. Anatoka nje, anaongea kwa haraka, anarudi na kukunong'oneza kwamba lazima aende Tengeru sasa hivi, kuna mtu anamsubiri. Wengi wetu hapo tungeanzisha timbwili. Lakini kama mwenzio ni mtaalamu wa mifugo, punguza presha kidogo. Anayemsubiri huenda ana miguu minne.

Mtaani tunawaita wote "dokta" au bwana mifugo, na akina dada ni bibi mifugo. Daktari kamili wa mifugo kasota miaka mitano SUA, Morogoro. Huyu tunayemzungumzia amepitia chuo cha mifugo kama Tengeru, Mpwapwa au Buhuri kule Tanga, akatoka na cheti au diploma. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inamtaka atambuliwe na Baraza la Veterinari na afanye kazi chini ya usimamizi wa daktari. Ndiye anayechanja, anayehasi, anayetibu ndigana na kupunguza kwato. Kwa mfugaji mwenye ng'ombe wawili wa maziwa nyuma ya nyumba, mara nyingi ndiye "dokta" pekee anayemfahamu kwa sura.

SAA ZA NG'OMBE

Kinachowachanganya wapenzi wengi ni ratiba. Chukua uhimilishaji, yaani kumpandisha ng'ombe kwa mbegu zilizohifadhiwa. Ng'ombe akiwa kwenye joto, muda wake wa kukubali kupandwa ni kama saa 12 hadi 18 tu. Akionekana asubuhi, mbegu ziwekwe jioni ile ile. Akionekana jioni, ni kesho yake asubuhi. Nafasi hiyo ikipita, mfugaji anasubiri siku 21 nyingine, huku pumba ananunua na maziwa hayaoni. Mbegu zenyewe zinakaa kwenye mtungi wa naitrojeni, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na zinaweza kungoja miaka. Ng'ombe hangoji. Hajui Valentine ni nini, wala hajui kwamba leo mlipanga mtoke.

Halafu kuna kuzalisha. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa kama mama mtu, na ndama akikaa vibaya tumboni, mtu anaingiza mkono mpaka begani, anamgeuza, anafunga kamba miguuni, anavuta pale tu mama anaposukuma. Anayerudi nyumbani saa kumi alfajiri kutoka kwenye shughuli hiyo hana habari na romance. Anataka maji ya moto na chai. Mpe, maswali yatakuja baadaye.

Kwa mume wa bibi mifugo kuna mtihani wake. Mkeo kuitwa usiku na mwanamume usiyemjua, apande bodaboda hadi zizini, si kitu rahisi kumeza. Wapo wanaokataza kabisa, na huko ni kumuua mwenzio kikazi. Mwanamume mwenye akili anampeleka mwenyewe na kushika tochi. (Na akishaona kazi inavyofanyika, wivu huisha kwa harufu tu.)

NANI ANAFUA OVAROLI?

Hapa sasa ndipo pa kukaa na kuongea, tena kabla ya ndoa. Kuna ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, bruselosisi, ambao humpata na binadamu. Vijidudu vyake hujaa kwenye kondo la nyuma, majimaji ya uzazi na maziwa ya mnyama mgonjwa. Mtu akipata, homa inakuja na kuondoka, anatokwa jasho usiku, viungo vinauma, amechoka tu. Atatibiwa malaria, kisha taifodi, na bado hali ni ile ile. Kwa wanaume korodani zinaweza kuvimba, na kwa mama mjamzito mimba inaweza kutoka. Tiba ipo: aina mbili za dawa kwa wiki sita au zaidi, bila kuruka.

Kwa hiyo ile ovaroli yenye damu ya uzazi isirushwe kwenye beseni la nguo za mtoto, na isifuliwe na mke mwenye ujauzito kwa vile "ndiyo kazi ya mke". Aivue nje pamoja na gambuti, ailoweke peke yake kwenye dawa ya kuua vijidudu, aifue mwenyewe akiwa na glovu. Huko zizini nako glovu ndefu ni lazima. Na kwa kuwa anashika mbwa kila siku, apate chanjo ya kichaa cha mbwa kabla hajang'atwa. Aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo hata kama alishachanjwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Ukienda kliniki na homa isiyoeleweka, usisahau kumwambia daktari kazi ya mwenzio, maana kwa kukutazama tu hawezi kujua. Na wafugaji wengine, hela ikikosekana, humlipa kwa chupa ya maziwa. Pokeeni kwa shukrani, ila yachemke kwelikweli kabla hayajaingia kwenye chai ya mtu.