Kabla hujatoa povu: uzi kuhusu "tiba" ya kubadilisha mashoga

Wadau, uzi wa leo ni mrefu na najua utanipunguzia wafuasi. Sawa tu. Wiki nzima mmenijazia jumbe za faragha: "Wewe wa Mbita unayeeleza kila kitu, mbona hili la kupiga marufuku tiba ya mashoga unalikwepa?" Silikwepi. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Na kama kawaida, hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Ukimtaja kwenye maoni, nafuta.

Kwanza tujue tunabishania nini. Hiyo "tiba" ni jina la jumla la juhudi zozote za kumfanya mtu anayependa wa jinsia yake aache kupenda hivyo. Inaweza kuwa vikao vya ushauri nasaha vya kulipia. Inaweza kuwa maombi ya kutoa pepo, kufunga kula siku nyingi, mitishamba, viboko, kufungiwa chumbani, au kuozeshwa harakaharaka. Kwa wasichana, mara nyingine ni ubakaji ambao wenyewe wanauita "kumrekebisha". Yote haya yamepakiwa kwenye gunia moja. Ndiyo maana mmoja akisema "pigeni marufuku" anawaza minyororo, na mwenzake anasikia "nimekatazwa kumwombea mwanangu." Wanapigana, na kila mmoja anapigana na kitu ambacho mwingine hajasema.

Juzi nilikuwa nangoja feri ya kwenda Luanda K'Otieno, nikasikia mjadala huohuo pale gatini. Mzee mmoja alikuwa anamwambia kijana wa bodaboda, "Nyathina, hii kitu ni dhambi. Imeandikwa." Kijana akajibu kwa heshima, "Sawa jaduong', sijakataa. Lakini mtu akifungwa kamba mguu wiki mbili, hiyo ni dhambi ya nani?" Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema sisi vijana tumeharibiwa na simu. Feri ikaja.

Yule kijana alikuwa ametenganisha maswali ambayo wabunge na wahubiri huyachanganya. Je, ni dhambi? Je, ni kosa la jinai? Je, mtu anaweza kubadilishwa, na akibadilishwa kwa nguvu ni halali? Haya ni maswali matatu. Unaweza kujibu "ndiyo" kwa la kwanza na bado ukasema "hapana" kali kwa la mwisho.

Tuanze na dini, maana huku kwetu huwezi kuiruka. Waadventista wako Gendia tangu 1906. Wakatoliki wapo, Waanglikana wapo, Legio Maria wapo, makanisa ya Roho yapo, na Waislamu wa Kendu Bay na hapa Mbita wapo. Sitawadanganya: mafundisho rasmi ya karibu wote yanakataza tendo la jinsia moja. Mtu akikuambia kwamba dini huku zimegawanyika nusu kwa nusu, huyo hajaingia kanisani Homa Bay.

Ila someni hayo mafundisho hadi mwisho. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inayoita tendo lenyewe potovu ndiyo hiyohiyo inayosema watu hawa wapokelewe kwa heshima na huruma, na wasibaguliwe isivyo haki. Maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walipokutana Lambeth 1998 walikataa tendo hilo, azimio ambalo maaskofu wetu wa Afrika walilipigania sana. Ndani ya azimio hilohilo wakaahidi kuwasikiliza watu hao, na wakalaani chuki dhidi yao. Tamko la Waadventista nalo linakataza tendo, kisha linakataza kuwachukia na kuwadharau wahusika. Katika Uislamu tendo ni haramu, na kupelelezana na kufichua aibu za watu pia kumekatazwa. Hicho kipande cha pili ndicho ambacho huwa hakifiki kwenye mikutano ya hadhara. Hakipigiwi makofi.

Mfano ambao huwashangaza watu: Julai 2017, sinodi kuu ya Kanisa la Uingereza ilipiga kura kuitaka serikali ipige marufuku tiba hii. Wakati huo kanisa hilo lilikuwa bado linafundisha kwamba ndoa ni ya mume na mke. Hawakuona mgongano.

Sasa sayansi, nitapita haraka. Madaktari wa akili wa Marekani waliondoa ushoga kwenye orodha yao ya magonjwa mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likafuata 1990. Daktari Robert Spitzer alichapisha utafiti mwaka 2003 akidai baadhi ya watu hubadilika. Mwaka 2012 aliomba radhi, akakiri kwamba utafiti wake haukuthibitisha hilo. Mwaka uliofuata Exodus International, shirika la Kikristo lililokuwa kubwa kuliko yote katika kazi hii, lilijifunga. Kiongozi wake, Alan Chambers, aliomba msamaha hadharani na kusema wengi mno aliokutana nao hawakubadilika. Huyo ni mwenye duka, si mpinzani wake.

Na wanaosema kupinga tiba ni ajenda ya wazungu, polepole. Tiba yenyewe ilitoka wapi? Ni hospitali za Uingereza zilizowapiga watu umeme na kuwapa dawa za kutapisha ili waache kuvutiwa na wanaume. Na sheria yetu inayotoa adhabu tuliachiwa na mkoloni. Katika mjadala huu, kila upande una mzigo ulioshuka kwenye meli.

Tukifika kwenye sheria ndipo penye uzito. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 162, inatoa hadi miaka 14 kwa kile inachokiita kinyume cha maumbile. Kifungu cha 165 kinatoa hadi miaka 5 kwa wanaume. Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kuviondoa. Februari 2023 Mahakama ya Juu ikasema, majaji watatu kwa wawili, kwamba watu hawa wana haki ya kusajili shirika lao. Haikuhalalisha tendo. Hata hivyo nchi iliwaka moto, na mwaka huohuo mswada wa kuongeza adhabu ukatoka kwa mbunge wa kaunti yetu hii ya Homa Bay. Majirani zetu Uganda walipitisha sheria yao kali 2023, na humo mahakama imepewa uwezo wa kuagiza mtu aliyehukumiwa apelekwe kwenye huduma za "kurekebishwa". Yaani wakati Malta, Ujerumani, Canada na Ufaransa zinaipiga marufuku tiba hii, jirani yetu ameiweka kwenye sheria.

Kenya hatuna sheria inayoitaja tiba hii, si ya kuikataza wala ya kuiagiza. Mwaka 2021 waandishi wa openDemocracy waliingia kwa siri katika vituo vya afya Kenya, Uganda na Tanzania, wakakuta wahudumu wanaotoa ushauri wa kubadilisha watu. Kwa hiyo usidhani ni mambo ya vichakani tu.

Hapa nieleze kitu changu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, jirani yetu hapa Mbita, kijana wa miaka kama 19 aliyekuwa akimsaidia mamake kuanika omena, alishikwa na ujumbe kwenye simu. Nimebadilisha mambo madogomadogo asijulikane. Familia ikakaa, ikaamua apelekwe mahali fulani kwa maombi. Nauli na sadaka zikachangwa. Mimi nilitoa mia tano, na nilitoa kwa moyo safi kabisa, nikijua nasaidia.

Alirudi baada ya wiki sita. Alikuwa amekonda hadi mashati yakawa yanamwaga mabega, na kwenye kifundo cha mguu alikuwa na alama ambayo hakuna aliyeuliza. Mamake alituambia amepona. Miezi michache baadaye akaondoka Mbita. Tulikuja kuongea kwa simu muda mrefu baadaye, nikamuuliza mbona hakwenda polisi. Akacheka. "Omera, niripoti nini? Wakiniuliza nilipelekwa huko kwa sababu gani, niseme nini?"

Hapo ndipo penye fundo la jambo zima. Kumfunga mtu mnyororo ni kosa Kenya hata leo. Kifungu cha 29 cha Katiba kinakataza mateso na ukatili, na hakisemi "isipokuwa kwa mashoga." Kumpiga ni kosa. Kumbaka "ili arekebike" ni ubakaji chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na adhabu haipungui miaka 10. Mtoto analindwa na kifungu cha 53. Sheria ya Afya ya Akili, baada ya kurekebishwa 2022, inataka mgonjwa akubali matibabu yake. Na mshauri nasaha anatakiwa awe na leseni tangu sheria ya 2014. Vyote hivyo vipo. Lakini ili uvitumie lazima uandikishe taarifa, na taarifa yenyewe inaweza kukugeuza mshukiwa. Mtendewa ana mlango wa haki, ila mlangoni kuna mbwa.

Usidhani hofu hiyo ni ya bure. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa kule Kwale wakapimwa sehemu za siri kwa nguvu ili kutafuta "ushahidi". Mahakama Kuu Mombasa ilibariki jambo hilo, na ilichukua hadi Machi 2018 kwa Mahakama ya Rufaa kusema ni kinyume cha Katiba.

Sasa tuseme Bunge linaamua kuandika sheria ya marufuku. Iandikwe vipi? Nchi hazifanani. Ujerumani mwaka 2020 ilikataza kwa walio chini ya miaka 18, na kwa watu wazima ambao wametishwa au kudanganywa. Canada tangu 2022 imekataza hata kwa mtu mzima aliyekubali. Jimbo la Victoria kule Australia lilikwenda mbali zaidi mwaka 2021: sheria yake inagusa hata maombi, yakielekezwa kwa mtu fulani ili abadilike. Hii ya Victoria ndiyo inayosambazwa kwenye magrupu ya kanisa, na kusema kweli hofu yao naielewa. Baada ya Shakahola 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa ya watu walioambiwa wafunge hadi wamwone Yesu, serikali ilipotaka kudhibiti makanisa, wachungaji wengi walilia kwamba uhuru wa kuabudu unakufa. Baadhi walikuwa wanalinda sadaka tu. Lakini wengine walikuwa na hoja: askari atajuaje maombi yapi ni ukatili na yapi ni faraja?

Swali gumu kuliko yote ni la mtu mzima anayetaka mwenyewe. "Nimekuja kwa hiari yangu, niombeeni nibadilike." Serikali inamkatazaje?

Hapa tusiende Ulaya, twende Migori. Kule Kuria ukeketaji umekatazwa na sheria ya 2011, na sheria hiyo inasema wazi kwamba kukubali kwa aliyekeketwa si utetezi. Daktari mmoja alikwenda mahakamani kusema mwanamke mzima aachiwe mwili wake na utamaduni wake. Machi 2021 Mahakama Kuu ikamkatalia. Sababu moja ilikuwa kwamba msichana anayejua hataolewa, atatengwa, na mamake atatukanwa kisimani, "hiari" yake ni ya mashaka. Kijana niliyewasimulia naye "alikubali" kwenda. Angekataa, angelala wapi usiku ule?

Wanaopinga watasema mfano huo haulingani, kwa kuwa ukeketaji unakata mwili na maombi hayakati kitu. Nusu wana haki. Mimi nikipewa kalamu, ningekataza kabisa kwa watoto, awe ni daktari au pasta. Kwa watu wazima ningekataza kamba, njaa, viboko, kufungiwa, na kuchukua pesa ya mtu kwa ahadi ya kumponya kitu ambacho si ugonjwa. Maombi ya mtu mzima aliyeyaomba, na ambaye anaweza kusimama akaondoka, nisingeyagusa. Najua wapo walioumizwa na maneno tu, bila kamba, na wataniambia nimewaacha nje. Hapo bado navutana na nafsi yangu.

Na jambo moja kwa wanaharakati, msinirushie mawe: ukiuza marufuku hii Homa Bay kama hatua ya kwanza ya ndoa za jinsia moja, umeshaiua. Kifungu cha 45 kinasema ndoa ni ya jinsia tofauti, na mswada huu haukigusi. Ongea na mama aliyebaki na mtoto asiyepiga simu. Wako wengi ufuoni, na wengi ni viongozi wa dorkasi.

Maswali yawekeni chini. Stima imepotea tangu saa tisa na simu ina asilimia 11, kwa hiyo nitajibu kesho jioni. Anayetaka kunitumia mistari ya Biblia, karibu, lakini tuma sura nzima.