Kabla ya Kilo, Tazama Ardhi

Vijana wangu wa timu ya soka ya ndondo wakiona sledi inatolewa stoo, swali la kwanza ni lile lile: "Mwalimu, leo kilo ngapi?" Siwalaumu. Chumba cha vyuma ndicho kilichowazoesha hivyo. Kilo 40 ukiinua Temeke ni kilo 40 hizo hizo ukiinua Arusha. Sledi haina adabu hiyo. Mzigo unaoteleza vizuri juu ya zulia unaweza kumgomea mtu yule yule kwenye lami, na uwanja wa nyasi ulionyeshewa usiku una jibu lake la tatu.

Kwa wasiokifahamu, sledi ya kawaida ni kifaa bapa cha chuma kisicho na magurudumu. Unakipakia uzito, kisha unakiburuta kwa kamba au unakisukuma kwa mikono. Kinachokupinga hapo ni msuguano kati ya chuma na ardhi, na uzito ni nusu tu ya habari. Ndiyo maana anayeniuliza anunue sledi gani, mimi humwuliza kwanza ataiburuta wapi.

Kuna njia rahisi ya kuujua ukweli wa uwanja wako. Tafuta mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano ambayo wanunuzi wa mazao hupimia magunia. Ifunge kati ya kamba na sledi, vuta taratibu bila kushtua, na usome sledi ikiwa tayari inatembea, kwa sababu chuma kilichosimama hung'ang'ania zaidi kuliko kilichoshaanza kwenda. Tuseme sledi na mzigo wake ni kilo 60. Mizani ikionyesha 24 kwenye nyasi na 36 kwenye saruji, basi kwa miguu yako hiyo ni mizigo miwili tofauti kabisa, ingawa hujaongeza wala kupunguza hata kipande kimoja cha chuma. Andika namba hizo ukutani. Zina faida kuliko kilo zote za kujisifia.

Hata mashindano makubwa hayajalikwepa jambo hili. HYROX, yaliyoanzishwa Ujerumani mwaka 2017, yana kituo cha kusukuma sledi mita 50: wanaume wa daraja la wazi husukuma kilo 152, wanawake kilo 102, sledi yenyewe ikiwemo. Kilo hazibadiliki kutoka mji hadi mji. Bado washiriki hutoka wakilalamika kwamba zulia la ukumbi huu lilikuwa zito kuliko la ukumbi ule, nami nawaamini.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Kama uwanja wako ni mchanga, changarawe au udongo wenye mashimo, usipoteze fedha kwenye chuma. Chukua tairi. La gari dogo lina kilo 7 hadi 10 hivi, na ndani yake utaweka mawe au mifuko ya mchanga kadiri unavyotaka. Toboa tundu, pitisha boliti yenye jicho, na kwa ndani weka washa pana ili isichomoke. Ukishafika hapo, toboa matundu mengine upande wa chini. Tairi lililotuama maji ni kiwanda cha mbu wanaoeneza dengue, na wakazi wa Dar es Salaam hatuhitaji kukumbushwa mlipuko wa mwaka 2019.

Kwenye nyasi zilizotunzwa au sakafu ya saruji, sledi ya chuma inastahili gharama yake. Huna haja ya kuagiza ng'ambo. Fundi yeyote mzuri wa kuchomelea pale Gerezani ataitengeneza ukimweleza vizuri. Mwambie bati liwe nene, milimita 6, na ncha ya mbele ikunjwe juu ili isichimbe. Kingo zote zipigwe msasa, maana kingo kali zitachana nyasi leo na mguu wa mtu kesho. Halafu nguzo ya kuwekea uzito. Hapa ndipo wengi hukosea vipimo: sahani kubwa za jimu zina tundu la milimita 50, na bomba la maji la chuma linalouzwa kama inchi moja na nusu lina kipenyo cha nje cha milimita 48 hivi. Linaingia bila kucheza. Nenda kwa fundi na sahani moja mkononi, msibishane kwa mdomo.

Sledi ya kusukuma, yenye mikono miwili ya kusimama, ni hadithi nyingine. Inataka kitako kirefu ili isipinduke, na inataka ardhi laini kweli kweli. Ikikutana na shimo husimama ghafla, wewe ukiendelea, na kifua ndicho kinachopokea. Kwenye viwanja vyetu vingi vya mtaani mimi siipendekezi. Zipo pia za magurudumu yenye breki za sumaku, zinazokuwa ngumu kadiri unavyozidi kwenda kasi. Ni nzuri kwa lami na hazipigi kelele, ila bei yake ni ya klabu yenye mdhamini.

Kamba iwe ndefu, mita tatu au nne. Kamba fupi huinua pua ya sledi, na sehemu ya mzigo unakuwa unaibeba badala ya kuiburuta. Isiwe ya kuvutika, kwa sababu itakurudisha nyuma kwa mishtuko. Mkanda wa kiunoni tunatumia ule wa usalama wa magari mabovu, mpana na hauchani ngozi.

Mbona nasumbuka na haya yote wakati kuna vyuma vya kuinua? Kwa sababu ya kile ambacho sledi haina: haina kushusha. Maumivu yale ya kesho yake, ya kushindwa kushuka ngazi, hutokana hasa na misuli kufanya kazi huku ikirefuka, kama unaposhusha chuma au kukimbia mteremko. Sledi ukiacha kuivuta inasimama, basi. Aliyechoka hafukiwi na uzito na hahitaji mtu wa kumdaka. Louie Simmons, kocha maarufu wa wanyanyua vyuma wa Westside Barbell huko Columbus, Ohio, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa akiwaburutisha watu wake sledi kwa kutembea tu, hatua ndefu, ili wajenge miguu na pumzi bila kuharibu siku yao ya kuinua. Nami napenda sana kuburuta kinyumenyume, goti likikunjuka taratibu kila hatua. Misuli ya mbele ya paja inawaka moto, na hakuna kuruka wala kutua.

Kwa wakimbiaji kuna ubishi. Desturi ya zamani ilisema mzigo usikupunguzie kasi zaidi ya asilimia 10, usije ukaharibu mbio zako. Utafiti wa Matt Cross na wenzake wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba nguvu nyingi zaidi hutoka mtu anapokwenda kama nusu ya kasi yake ya juu, na mizigo waliyotumia kufika hapo ilikuwa karibu na uzito wa mwili, kati ya asilimia 69 na 96. Usizinakili asilimia hizo. Ni za uwanja wao.

Nakili kasi. Mpime kijana mita 20 bila mzigo. Akitumia sekunde 3.4, mzigo mwepesi ni ule unaomfikisha kwenye 3.8, na mzito ni ule unaomweka karibu na 6.8. Ni kipimo cha saa ya simu, hakina usahihi wa maabara, lakini kinakwenda na ardhi ya siku hiyo. Mzito humfundisha kuchomoka: mwili ulale mbele, mgongo unyooke, mguu usukume ardhi kuelekea nyuma, vile anavyofanya mtu anayesukuma daladala iliyozimika. Mwepesi namwekea anapotaka kulinda mtindo wake wa mbio. Baada ya kila raundi anapumzika dakika mbili au tatu kamili, hata kama anasema yuko sawa. Vijana husema wako sawa kila mara.

Mizigo mizito ya mbio naitoa mara mbili kwa wiki, mapema, kabla miguu haijachoka na mpira. Ikibaki siku moja kabla ya mechi sledi haitoki stoo. Anayetaka kutoa jasho anapewa tairi tupu, analizungusha uwanja akitembea, na ruhusa ya kupiga soga.