Kofia Pana Haimnyimi Mtoto Vitamini D

Mzazi wa mtoto mwenye ualbino hapa Tanzania huwekwa njia panda. Daktari anamwambia amkinge mtoto na jua, jirani anamwonya kwamba mtoto asiyepigwa na jua atapata matege. Kila mmoja ana ukweli wake, ila uzito haulingani. Ni kweli kwamba ngozi hutengeneza vitamini D inapopigwa na mionzi ya urujuanimno aina ya B, kisha ini na figo huikamilisha ili mwili uweze kufyonza madini ya kalsiamu. Kwenye ngozi nyeusi, melanini hupunguza mionzi hiyo, hivyo kazi huenda polepole. Mwenye ualbino ana melanini kidogo mno au hana kabisa. Vitamini yake hutengenezwa upesi, na ngozi yake huungua upesi vilevile. Tena uzalishaji huo una kikomo. Jua likizidi kupiga, mali ghafi ya vitamini hugeuka kuwa kemikali nyingine zisizofanya kazi hiyo. Madhara kwenye DNA ya ngozi hayana kikomo cha namna hiyo: hulimbikizana mwaka hadi mwaka, na saratani ya ngozi ndiyo inayokatisha maisha ya wengi wenye ualbino wakiwa bado vijana.

Kuna watakaosema mafuta ya kujikinga huzuia mionzi ileile inayoleta vitamini. Maabarani ni kweli, kwa sababu huko hupakwa miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba. Nyumbani nani hupaka kwa unene huo? Nyuma ya masikio husahauliwa, kisogo husahauliwa, jasho huondoa yaliyobaki. Huko Australia watafiti waliwapa watu wazima mafuta ya kinga na wengine krimu ya kawaida kwa majira yote ya joto; vitamini D ilipanda katika makundi yote mawili karibu sawasawa. Basi mafuta kama Kilisun, yanayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, yapakwe bila woga, yarudiwe kila baada ya saa mbili, wala yasichukuliwe kuwa mbadala wa nguo. Kapelo haitoshi, kwa kuwa huacha masikio na shingo wazi. Inatakiwa kofia yenye ukingo mpana pande zote.

Hoja yenye nguvu zaidi ni ya yule anayeshinda ndani kutwa nzima. Huyo anaweza kweli kupungukiwa, na kukaa dirishani hakumsaidii kwa sababu kioo huzuia karibu mionzi yote ya aina B. Dawa yake ni kipimo cha damu na, daktari akiona haja, vidonge au matone, pamoja na samaki wenye mafuta na kiini cha yai. Kumwanika juani si tiba. Walimu wakuu nao wasisubiri waraka: mtoto mwenye ualbino aruhusiwe kofia pana na mikono mirefu hata kama sare ya shule haina, na mstarini asimame kivulini.