Shamba la Bibi Lilivyoponyoka Kidoleni

Nilikuwa Msambweni kwa matanga, si kwa kutafuta habari. Tukingoja pilau, nilikaa karibu na bibi mmoja aliyekuwa akisugua dole gumba la kushoto kwa kipande cha ndimu. Wino wa zambarau ulikuwa umeingia kwenye nyufa za ngozi, ukajaa ukingoni mwa ukucha. Alisugua, akalitazama, akasugua tena. Nikamtania: bibi, umepiga kura? Akasema la, ni karatasi za pesa za wazee. Mwanawe alikuja na mgeni jioni, wakamwambia atie dole. Akatia mara nne.

Mara nne. Hesabu hiyo ilininyima usingizi.

Wanaozijua pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali, zile shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70, wanajua pia kwamba kwa miaka mingi wazee wengi walizipokea kwa kuthibitishwa alama za vidole. Mzee asiyesoma amezoea hivyo: toa kidole, upate chako. Atauliza karatasi inasema nini kwa lipi? Hata ikiwa ni ya kuuza shamba lake? Na bei ya ardhi kutoka Likoni hadi Msambweni haihitaji kusimuliwa hapa.

Nilikipeleka kisa hicho kwa mama mmoja wa Ukunda, msaidizi wa kisheria, aliyeniomba nisimtaje kwa kuwa anaishi na hao hao anaowapeleka kortini. Hakushangaa. Ughaibuni, anasema, mzee akiteswa katika makao ya wazee, familia hushitaki makao. Huku kwetu makao ni nyumbani. Mshitaki na mshitakiwa wanakula sufuria moja.

Yeye huanza na dole. Lilitiwa wapi? Mbele ya nani? Nani alimsomea? Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inalikubali dole badala ya saini, lakini inataka mwenyewe afike mbele ya msajili au afisa aliyeruhusiwa, afuatane na shahidi anayemjua, na ihakikishwe ametia kwa hiari. Dole lililotiwa mkekani, magharibi ikiingia, limekosa hayo yote. Hati iliyopatikana kwa ulaghai hupingwa. Ila usichelewe, anaonya: leo kuna mnunuzi, kesho kuna aliyemnunulia mnunuzi. Ndiyo maana safari ya kwanza ni ofisi ya ardhi, Kwale, kuomba zuio, shamba lisihamishwe.

Akifika kwenye Katiba sauti yake hupanda. Kifungu cha 57 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ya kutunzwa na jamaa zake na serikali. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kumshitakia asiyeweza kujishitakia, na kufungua kesi ya namna hiyo hakutozwi ada. Kanuni za kesi hizo, za mwaka 2013, zinaiachia korti ipokee hata barua ya kawaida, hata maneno ya mdomo, iyaandike yenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa, anacheka, lakini chaweza kumfikisha bibi mbele ya jaji.

Mbona basi wazee hawaji? Hapo kicheko hukatika. Mzee anayedai shamba lake, anasema, hukawii kusikia ameitwa mchawi. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1925, inamtia hatiani anayemtuhumu mwenzake hivyo, lakini mnong'ono wa kisimani nani ataupeleka polisi? Kilifi, kituo cha Kaya Godoma kule Ganze kimewahifadhi wazee waliokimbia tuhuma hizo. Yeye hana kituo. Ana jamaa na marafiki anaowabembeleza wampe mzee kitanda kwa usiku mmoja, miwili.

Tulirudi kwa bibi na barua ya kupeleka kortini. Aliisikiliza ikisomwa mara mbili, kisha akauliza: mwanangu atafungwa? Mama akamweleza bila kumficha. Kesi ya kurudisha shamba haimfungi mtu; lakini habari ya ulaghai ikifika polisi, bibi hatakuwa na uwezo wa kuisimamisha. Bibi akanyamaza kitambo. Mwana huyo ndiye anayemchotea maji. Ndiye aliyemfikisha hospitali kifua kilipombana.

Barua akaikataa. Zuio akalikubali, maana zuio halina pingu. Lakini zuio nalo si la milele. Mnunuzi akilipinga, msajili anaweza kuliondoa. Likiondolewa, bibi atachagua nini: shamba au mchota maji? Na ni haki gani hii inayomtaka achague? Nilimwuliza mama. Akafungua kidau cha wino.

Karatasi ya zuio ikasomwa neno kwa neno. Bibi akatia dole, mara moja tu, akahesabu kwa sauti. Kisha akaomba ndimu.