Vazi la Mlezi wa Watoto

Ndugu wasikilizaji, tukisema vazi la kazi, wengi hufikiria suti na tai. Leo tumtazame mlezi wa kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, tuseme kule Chiungutwa, wilayani Masasi.

Mikorosho inapochanua, wakulima hupuliza salfa ya unga kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Mlezi naye ni mkulima. Alfajiri, upepo ukiwa umetulia, yuko shambani. Saa mbili yuko kituoni, na kitenge ni kile kile. Mtoto akilia, humbeba na kumlaza kifuani. Salfa ile huwasha macho na ngozi, tena akiivuta humkoholesha. Msimu wa kubangua nao una yake: mafuta ya ganda la korosho huchoma ngozi.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: nguo ya shamba isifike kituoni. Mlezi aoge, abadilishe. Gauni pana la pamba, linalofulika kwa sabuni na kumwezesha kuchuchumaa bila kujishikashika, latosha. Ushungi aufunge fundo badala ya kuubana kwa pini, kwani mkono wa mtoto hauna simile. Kucha ziwe fupi. Hereni ndefu zibaki nyumbani.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie. Nanyi wazazi mnaochangia kituo, mnunulieni mlezi gauni la pili. Mtakuwa mmewavika wanenu.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.