Mivukuto ya Tumbusi

Tarehe 29 Novemba 1973, ndege ya abiria iliyokuwa juu ya Abidjan, Côte d'Ivoire, iligonga kitu kwenye kimo cha futi 37,000, yaani zaidi ya mita 11,000. Injini moja iliharibika ikabidi izimwe, lakini ndege ikatua salama. Manyoya yaliyokutwa yalipochunguzwa yalionekana ni ya tumbusi wa Rüppell, spishi ileile inayogombania matumbo ya nyumbu pale Serengeti. Kwa Kiswahili wote wawili ni ndege, ila mmoja hakutarajiwa huko.

Kimo hicho si cha mchezo. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, pumzi moja hukupa takribani nusu ya oksijeni unayoipata Tanga, ndiyo maana waongoza wageni hawachoki kusema “pole pole”. Juu ya Abidjan ilikuwa chini ya robo. Binadamu akivuta hewa hiyo bila msaada, dakika moja hivi inatosha kumzimisha.

Tumbusi anawezaje? Tuanze na mapafu. Sisi hewa yetu huingia na kutoka kwa njia moja, mpya ikichanganyika na iliyochakaa. Mapafu ya ndege hayatanuki wala hayasinyai. Yametulia kama jiko la mhunzi, na kazi ya kupuliza ni ya mivukuto. Mivukuto yenyewe ni mifuko ya hewa, kwa kawaida tisa, iliyotandaa kifuani na tumboni, na baadhi yake hupenya hadi ndani ya mifupa. Umewahi kumwona mhunzi akibonyeza mvukuto wa kulia, kisha wa kushoto, ili moto usikose upepo? Ndivyo ilivyo. Ndege akivuta pumzi, sehemu kubwa ya hewa mpya hukimbilia mifuko ya nyuma. Akiitoa, akiba hiyo ndiyo inayopita mapafuni, tena kwa kuelekea upande mmoja. Avute au atoe, mapafu yanapata hewa mpya.

Damu nayo ina lake. Tumbusi huyu ana aina 4 za himoglobini, kila moja ikiikamata oksijeni kwa nguvu tofauti, hivyo damu yake inafaa chini na juu.

Hata hivyo, sifa zote tusimpe yeye. Tumbusi hutandaza mabawa akabebwa na hewa ya joto inayopanda. Hatumii nguvu nyingi. Kwangu mimi bingwa ni bata bukini mwenye milia kichwani, anayevuka Himalaya kati ya India na Mongolia kwa kupiga mabawa mwenyewe. Vifaa alivyofungwa vimewahi kuonyesha mita 7,290. Na hata yeye huko juu hakai kwa hiari: bonde likitokea anashuka nalo, ingawa atalazimika kupanda tena, kwa kuwa hewa ya chini ni nzito na kila pigo la bawa hupata cha kusukuma.